Makanisa Makuu Mawili, Mtaa Mmoja

Hope Street ni mtaa usiofika urefu wa kilomita moja, katikati ya jiji la Liverpool, kaskazini magharibi mwa Uingereza. Upande wa kusini unaishia kwenye Kanisa Kuu la Waanglikana, jengo la mawe mekundu lenye urefu wa mita 189, mojawapo ya makanisa makubwa kabisa duniani. Upande wa kaskazini unaishia kwenye Kanisa Kuu la Wakatoliki, jengo la zege la mviringo lenye mnara wa vioo vya rangi, uliochongoka juu mfano wa taji. Katikati pana ukumbi wa muziki, migahawa na baa ambazo Jumamosi usiku hazina nafasi.

Mgeni akiyaona makanisa hayo yanavyotazamana anaweza kudhani yalijengwa kwa makubaliano. Ukweli ni kwamba yalijengwa kwa kushindana. Mfalme Edward VII aliweka jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana mwaka 1904, na ujenzi haukwisha hadi 1978. Wakatoliki, wasiotaka kuachwa nyuma, walinunua mwaka 1930 uwanja uliokuwa na nyumba kubwa ya kuhifadhia maskini, wakamwagiza Edwin Lutyens kuchora kanisa ambalo kuba lake lingelipita lile la Mtakatifu Petro kule Roma. Vita na gharama vikaukatiza mpango huo. Kilichokamilika ni sehemu ya chini ya ardhi peke yake. Kanisa linaloonekana leo ni la mchoro mwingine, la bei nafuu zaidi, lililojengwa kwa takriban miaka mitano na kuwekwa wakfu mwaka 1967. Kuna kichekesho kidogo katika habari hii yote. Giles Gilbert Scott, aliyechora kanisa la Waanglikana akiwa kijana wa miaka 22, alikuwa Mkatoliki, na Frederick Gibberd, aliyechora lile la Wakatoliki, hakuwa Mkatoliki.

Makanisa yaliyoanza kwa mashindano ya namna hiyo baadaye yakawa mfano unaotajwa mara kwa mara panapozungumzwa ushirikiano wa madhehebu mijini. Ushirikiano huo haukutokana na wanateolojia kukubaliana. Ulitokana na shida za jiji lenyewe: ajira, ghasia na misiba.

Mji wa kambi mbili

Uhasama wa kidini Liverpool uliingia kwa meli. Ugonjwa wa viazi ulipoleta njaa kuu Ayalandi kuanzia mwaka 1845, watu walivuka bahari kwa maelfu. Mwaka 1847 peke yake Waayalandi wapatao 300,000 walishuka kwenye magati ya Liverpool. Wengi walipanda meli nyingine kwenda Marekani, lakini waliokosa nauli au nguvu walibaki, wakajazana katika vyumba vya chini ya ardhi karibu na bandari. Karibu wote walikuwa Wakatoliki, wakati wenyeji wengi walikuwa Waprotestanti. Miongoni mwa Waprotestanti hao walikuwapo waliotoka kaskazini mwa Ayalandi wakiwa wamebeba ugomvi wao wa kale.

Kila tarehe 12 Julai wanachama wa udugu wa Kiprotestanti wa Orange waliandamana kwa ngoma na filimbi kukumbuka ushindi wa Mfalme William, Mprotestanti, dhidi ya Mfalme James, Mkatoliki, mwaka 1690. Mawe yalirushwa, vichwa vikapasuka. Mwaka 1909 mapigano yalikuwa makali kiasi cha familia kuhama mitaa, kila moja ikikimbilia kwa watu wa dini yake. Waprotestanti walikuwa na chama chao cha siasa, na madiwani wa chama hicho waliketi katika baraza la jiji hadi miaka ya 1970. Kijana aliyechumbia upande wa pili alijua kwamba harusi yake itakosa wajomba.

Mambo mawili yalilegeza kamba hiyo. La kwanza ni mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia pamoja na mpango wa serikali wa kubomoa makazi duni, ambao uliwahamishia watu kwenye nyumba mpya nje ya mji bila kuuliza nani anasali wapi. La pili ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa miaka ya 1962 hadi 1965. Kabla yake, Mkatoliki alikatazwa kushiriki sala za Waprotestanti. Hati ya Mtaguso kuhusu umoja wa Wakristo, ya mwaka 1964, iliwaita Waprotestanti ndugu na kuwahimiza Wakatoliki kusali na kufanya kazi pamoja nao. Hati, hata hivyo, haitembei yenyewe mitaani.

Samaki na chipsi

Mwaka 1975 David Sheppard aliwekwa kuwa askofu wa Waanglikana wa Liverpool. Alikuwa mtu mashuhuri kabla ya kuvaa msalaba wa askofu: alichezea Uingereza kriketi katika mechi 22 za kimataifa, akawa nahodha, na mwaka 1960 alikataa kucheza dhidi ya timu ya Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Alikuwa pia ametumikia miaka mingi katika mitaa maskini ya mashariki mwa London. Mwaka uliofuata alifika Derek Worlock, Askofu Mkuu wa Wakatoliki, mtu wa ofisi na mafaili, aliyekuwa katibu wa maaskofu wakuu watatu wa Westminster mfululizo. Kwa tabia walitofautiana kabisa. Mmoja alikuwa mrefu, mwanamichezo, mwenye imani ya kiinjili; mwenzake alikuwa mfuasi wa taratibu za Kanisa hadi nukta ya mwisho.

Walichokubaliana ni kuonana mara kwa mara na kutozungumzia jambo lolote zito la jiji kila mmoja kivyake. Waandishi wa habari waliomwita mmoja walijikuta wamewapata wawili. Watu wa Liverpool, ambao hawakosi utani, wakawabatiza "samaki na chipsi": hawaachani, na hawakosekani kwenye gazeti. Zamani chakula hicho kiliuzwa kimefungwa kwenye gazeti kuukuu.

Kazi haikuwakosa. Makontena yalikuwa yameua kazi za makuli, na biashara ya meli ilihamia bandari za mashariki zinazotazamana na Ulaya. Kiwanda cha matairi cha Dunlop kilifungwa mwaka 1979, na cha sukari cha Tate & Lyle mwaka 1981. Jiji lililokuwa na watu zaidi ya 800,000 katika miaka ya 1930 lilibaki na takriban 500,000. Kiwanda kilipotishia kufunga milango, viongozi wa makanisa waliwaendea wenye mali na mawaziri wakiwa pamoja. Mara nyingi hawakufanikiwa kukiokoa. Kilichobadilika ni kwamba mfanyakazi Mkatoliki na mwenzake Mprotestanti waliona wachungaji wao wamekaa upande mmoja wa meza.

Julai 1981 mtaa wa Toxteth, ulio jirani kabisa na kanisa la Waanglikana, ulilipuka. Wakazi wake weusi, jamii iliyokuwepo Liverpool kwa vizazi vingi, walikuwa wamechoshwa na ukosefu wa kazi na namna polisi walivyowasimamisha na kuwapekua vijana wao. Maduka yalichomwa, na polisi walirusha gesi ya machozi, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kufanyika dhidi ya waandamanaji katika kisiwa cha Britania. Maaskofu hao wawili walitoka kwenda mitaani. Viongozi wa jamii walipohitaji vipaza sauti vya mkononi ili wawatulize vijana, maaskofu ndio waliovitafuta. Baada ya moto kuzimika, makanisa yalisaidia kuanzisha kituo cha msaada wa kisheria kwa wakazi wa eneo hilo. Ni hatua ndogo ukilinganisha na ukubwa wa tatizo, lakini wenyeji waliikumbuka kuliko mahubiri mengi.

Mwaka 1982 uliwapima kwa namna nyingine. Mwezi Machi Robert Runcie, Askofu Mkuu wa Canterbury, alikwenda kuhubiri katika kanisa la parokia lililo karibu na bandari. Waprotestanti wenye msimamo mkali, waliochukizwa na ziara ya Papa iliyokuwa inakuja, walimzomea ndani ya kanisa hata akashindwa kuhubiri kwa utulivu. Aibu ile iliwageuza wengi. Tarehe 30 Mei, Sikukuu ya Pentekoste, Papa Yohane Paulo II aliingia kwanza katika Kanisa Kuu la Waanglikana. Waumini walimpokea kwa makofi ambayo hayakupangwa kwenye ratiba, kisha akaifuata Hope Street hadi kwa Wakatoliki. Katika mji ambao mzazi aliweza kumsusia mtoto wake kwa ajili ya ndoa ya mseto, makofi yale yalikuwa habari.

Katika siasa, viongozi hao walijipatia maadui kila upande. Waliikosoa serikali ya Margaret Thatcher kwa kuyatelekeza majiji, na Sheppard alikuwa makamu mwenyekiti wa tume ya Kanisa la Uingereza, yaani la Kianglikana, iliyotoa mwaka 1985 ripoti kali kuhusu umaskini wa mijini. Mwaka huohuo baraza la jiji, lililoongozwa na mrengo mkali wa kushoto, lilituma teksi kupeleka barua za kuachishwa kazi kwa watumishi wake wapatao 31,000, likitumaini kuibana serikali kuu. Maaskofu waliandika pamoja makala katika gazeti la The Times kulipinga baraza hilo. Kulia wakaitwa wajamaa. Kushoto wakaitwa vibaraka.

Kisha ukaja msiba wa Hillsborough. Tarehe 15 Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool waliokwenda Sheffield kutazama nusu fainali walibanwa hadi kufa katika jukwaa lililojazwa kupita kiasi. Idadi ya waliokufa ilifikia 97, kwa kuhesabu na walioaga dunia miaka ya baadaye kutokana na majeraha. Kesho yake jioni Kanisa Kuu la Wakatoliki lilijaa, na maelfu walibaki nje. Sheppard alikatiza likizo yake Scotland akawahi ibada hiyo. Mtoto mmoja wa kwaya aliimba peke yake wimbo wa mashabiki wa klabu. Tarehe 29 ibada ya kumbukumbu ya jiji zima ilifanyika upande wa pili wa mtaa, kwa Waanglikana. Hakuna aliyeuliza marehemu walikuwa wa dhehebu gani. Uhusiano huo na wafiwa haukufa: miaka zaidi ya ishirini baadaye James Jones, askofu wa Waanglikana aliyemfuata Sheppard, ndiye aliyeongoza jopo huru lililofichua ukweli wa msiba huo mwaka 2012.

Meza isiyoliwa pamoja

Kanuni iliyowaongoza Sheppard na Worlock haikuwa yao. Mwaka 1952 mkutano wa makanisa uliofanyika Lund, Sweden, ulitoa wazo kwamba makanisa yafanye mambo yote pamoja, isipokuwa yale ambayo tofauti za dhati za imani zinawalazimu kuyafanya mbalimbali. Wazo hilo linageuza mzigo wa kujieleza: anayetaka kwenda peke yake ndiye anayepaswa kutoa sababu.

Sababu zilikuwepo, na kubwa kuliko zote ni Ekaristi. Tangu mwaka 1972 Kanisa la Uingereza linawakaribisha Wakristo waliobatizwa wa makanisa mengine kushiriki Meza ya Bwana. Kanisa Katoliki, isipokuwa katika hali chache maalumu, halimpi komunyo asiye Mkatoliki. Sheppard na Worlock walihudhuria ibada za wenzao, wakakaa mstari wa mbele, na kila mmoja alibaki kitini wenyeji wake walipokwenda kukomunika. Hawakulificha jambo hilo wala kulipamba, na huenda ndiyo sababu waumini wao wahafidhina hawakuwakimbia.

Swali hilohilo liliwahi kuwasha moto Afrika Mashariki. Juni 1913 wamisionari wa Kianglikana, Kipresbiteri na Kimethodisti pamoja na wenzao wengine walikutana Kikuyu, Kenya, kutafuta shirikisho la makanisa, wakamaliza kwa kushiriki Meza ya Bwana pamoja. Frank Weston, askofu wa Zanzibar, alihamaki, akawashitaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi mbele ya Askofu Mkuu wa Canterbury. Magazeti ya London yalibishana kwa miezi mingi hadi vita vya mwaka 1914 vilipowapa watu habari nyingine. Anayeshangaa kwa nini Liverpool ilikwenda kwa tahadhari hana haja ya kutazama mbali.

Mapatano yaliyoandikwa

Urafiki wa viongozi hufa na viongozi. Kwa hiyo katika miaka ya 1980 makanisa ya eneo la Mto Mersey yaliweka mapatano ya maandishi na kuunda baraza la pamoja, ambalo mwaka 1987 lilizinduliwa kwa maandamano ya Pentekoste kati ya makanisa makuu mawili. Kitaifa, Wakatoliki walijiunga kikamilifu na vyombo vipya vya ushirikiano vilivyoanza kazi mwaka 1990, baada ya kubaki nje ya baraza la zamani tangu lilipoundwa mwaka 1942. Katika elimu, vyuo vya ualimu vya Kianglikana na Kikatoliki viliungana na kuzaa taasisi ambayo tangu 2005 ni Chuo Kikuu cha Liverpool Hope. Mwaka huohuo ilifunguliwa shule ya sekondari inayomilikiwa na madhehebu yote mawili.

Milton Keynes, mji uliobuniwa mwaka 1967 kati ya London na Birmingham, ulikwenda mbali zaidi kwa kuwa haukuwa na majeraha ya kale. Palepale katikati ya mji, badala ya kila dhehebu kuomba kiwanja chake, Waanglikana, Wakatoliki, Wamethodisti, Wabaptisti na waumini wa Kanisa la United Reformed walikubaliana kuwa na kanisa moja. Kwa miaka kadhaa walisali katika maktaba ya mji. Kanisa la Christ the Cornerstone, lenye kuba linaloonekana mitaa mingi, lilifunguliwa Machi 1992 mbele ya Malkia Elizabeth II, Askofu Mkuu wa Canterbury George Carey na Kadinali Basil Hume. Hata humo Misa ya Kikatoliki ina saa yake, na ibada ya pamoja ya wengine ina saa yake.

Mipango ya namna hiyo inasimama juu ya sheria ya mwaka 1969 inayoruhusu makanisa kumiliki au kutumia jengo moja. Sheria inawataka waandikiane mkataba: nani analipa nini, nani anaamua matumizi ya ukumbi, na mali itagawanywaje wakiachana. Kipengele hicho cha mwisho huwaudhi wachungaji wenye moyo mwema, lakini wanasheria hawakiachi.

Kandambili usiku wa manane

Katikati ya mji ni parokia ya ajabu. Wanaolala humo ni wachache. Wanaopita ni wengi: makarani, wanunuzi, watalii, walevi, na watu wasio na pa kulala. Hakuna dhehebu moja lenye watu wa kutosha kuwahudumia wote, na hapo ndipo ushirikiano huacha kuwa nadharia.

Mfano unaojulikana zaidi Uingereza ni Street Pastors, huduma iliyoanzishwa London mwaka 2003 na Mchungaji Les Isaac. Watu wa kujitolea kutoka makanisa tofauti, wakishapewa mafunzo, huvaa koti na kofia zenye jina la huduma na kuzunguka mitaa ya baa Ijumaa na Jumamosi, kuanzia kama saa nne usiku hadi karibu alfajiri. Mkobani hubeba maji, pipi za kijiti, blanketi jepesi na kandambili. Kandambili hizo ni za wasichana waliovua viatu vya visigino virefu na kutembea peku juu ya vipande vya chupa. Hawahubiri isipokuwa waulizwe. Polisi wanawapenda, kwani kijana mlevi anayetaka kupigana mara nyingi hupoa akipewa pipi na mama wa makamo.

Huduma nyingine ni malazi ya majira ya baridi. Makanisa saba hugawana usiku wa juma, kila moja likifungua ukumbi wake usiku mmoja, likapika chakula na kutandika magodoro. Utaratibu huo ulivurugwa na ugonjwa wa UVIKO-19 mwaka 2020, na sehemu nyingi zilibadili kwa kutafuta vyumba vya mtu mmoja mmoja. Liverpool kwenyewe, makanisa makuu mawili ya Hope Street, pamoja na kanisa la St Bride's lililo jirani, ndiyo yaliyoanzisha shirika la Micah, linalogawa chakula kwa wanaoishiwa na kuwasaidia watu kurudi kazini.

Kasoro zimo katika ushirikiano huu. Hata enzi za samaki na chipsi alikuwepo mtu wa tatu, John Newton, kiongozi wa Kimethodisti aliyeyawakilisha Makanisa Huru, yaani ya Kiprotestanti yaliyo nje ya Kanisa la Uingereza. Alikuwa mshirika kamili, lakini kamera zilimsahau. Sanamu ya shaba iliyozinduliwa Hope Street mwaka 2008, yenye umbo la milango miwili, ina sura za maaskofu wawili tu. Leo wanaosahaulika ni makanisa mapya, hasa ya Kipentekoste yanayoongozwa na watu wenye asili ya Afrika na Karibi, ambayo mengi husali katika kumbi za kukodi. Wachungaji wao wengi hufanya kazi nyingine mchana, na kikao cha makanisa kinachoitwa Jumanne saa nne asubuhi kinawakuta kazini. Sehemu zilizohamishia vikao jioni zimewapata.

Kasoro ya pili ni idadi. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba wanaojitambulisha kuwa Wakristo Uingereza na Wales ni asilimia 46.2, mara ya kwanza kwao kuwa chini ya nusu. Katikati ya miji kumebaki majengo makubwa ya karne ya 19 yenye waumini wachache na paa zinazovuja. Kwa hiyo madhehebu ambayo babu zao walirushiana mawe sasa yanakodishiana kumbi, yanagawana mhasibu, na yanajadili katika kikao kimoja ni jengo lipi litunzwe na lipi liuzwe.